Wakala wa forodha niliyemtumia baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya: je, hela yake inalipa?

Nimeulizwa na watu wengi hii huduma ya wakala wa forodha ikoje na kama ina maana kwa mfanyabiashara mdogo, kwa hiyo leo naandika yote kwa mpigo mmoja. Mimi naishi Coventry, nauza magauni na mashati ya kitenge, khanga na vikapu, biashara ya mtu mmoja na fundi wake, na karibu nusu ya wateja wangu wako nje ya Uingereza, hasa Uholanzi, Ujerumani na Ireland. Huyu wakala nilianza naye 2022 na mpaka leo niko naye. Jina la ofisi siweki, ni ofisi ya watu wanne na mzee mwenyewe aliniomba nisimtangaze maana kazi alizonazo zinamtosha, ila ninayoyasema hapa yatakusaidia kumpima wakala yeyote utakayemkuta huko uliko.

Kwanza mjue ilivyokuwa. Kabla ya 2021 mimi kumtumia mtu gauni Utrecht ilikuwa sawasawa na kumtumia mtu wa Birmingham, unafunga kifurushi unaandika anwani unalipia posta imeisha hiyo. Sikuwahi kujaza fomu ya forodha hata moja kwa mzigo wa Ulaya na wala sikujua kuwa hilo ni jambo la kushukuru. Kura ya kuamua Uingereza ibaki au itoke Umoja wa Ulaya ilipigwa Juni 23, 2016, asilimia 51.9 wakasema tutoke, nchi ikatoka rasmi Januari 31, 2020, halafu ikaja miezi kumi na moja ya mpito ambayo upande wa biashara hakuna kilichobadilika, ndo hapo wengi wetu tulipojisahau. Mpito ukaisha Desemba 31, 2020 usiku. Mkataba wenyewe wa biashara walikubaliana Desemba 24, yaani mkesha wa Krismasi, wiki moja tu kabla ya kuanza kutumika, sasa niambie mtu mwenye duka la kwenye simu anausoma saa ngapi mkataba wa kurasa zaidi ya elfu moja? Kwenye taarifa ya habari walisema ushuru sifuri na hakuna kikomo cha kiasi cha bidhaa, mimi nikasikia sifuri nikalala usingizi.

Machi 2021 kuna dada wa Köln aliagiza magauni matano ya sare ya harusi, pauni 350. Nikatuma na kampuni moja kubwa ya usafirishaji wa vifurushi, siitaji jina. Walichoniambia kaunta ni nijaze karatasi ndogo niandike kilichomo na thamani, nikaandika "nguo", nikalipa, nikaondoka. Siku sita baadaye yule dada ananipigia, anasema kuna mtu mlangoni anadai hela. Tulikaa tukapiga hesabu baadaye na ilikuwa hivi: ushuru asilimia 12 kwa nguo ni pauni 42, juu ya hapo VAT ya Ujerumani asilimia 19 ya jumla yote, halafu ile kampuni ikaongeza ada yake ya kushughulikia, ikafika kama pauni 130 hivi kwa mzigo ambao alishanilipa bei kamili na nauli. Akakataa kuupokea na simlaumu hata kidogo. Mzigo ukarudi. Na uliporudi Uingereza nikadaiwa VAT ya asilimia 20 kwa magauni yangu mwenyewe, niliyoyashonesha mwenyewe Leicester, kwa sababu kwenye makaratasi hakuna mahali palipoandikwa kuwa ni mzigo unaorudi. Harusi ikapita. Nilimrudishia hela yake yote na mpaka leo hajaagiza tena.

Kilichoniuma zaidi ni kuwa hakuna aliyenieleza. Niliwapigia ile kampuni mara nne, kila mtu ananisomea kitu kutoka kwenye skrini, hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali moja la maana, ambalo ni hizi nguo zimetoka wapi. Mwaka mzima wa 2021 nikauza Uingereza tu, wateja wa Ulaya nawajibu samahani samahani, na nilijua kuwa siko peke yangu maana hata baadaye LSE, kile chuo kikuu cha uchumi cha London, walitoa utafiti 2024 wakakadiria kampuni kama 16,400 ziliacha kabisa kupeleka bidhaa Umoja wa Ulaya baada ya mkataba ule kuanza, na nyingi ni ndogondogo. Mimi ningekuwa mojawapo.

Sasa huyu mzee. Nilielekezwa kwake na fundi wangu, ofisi iko Leicester juu ya duka la vitambaa. Naingia nimejiandaa na Kiingereza changu cha kiofisi, namkuta mzee wa Kihindi anaongea na simu, anaweka simu chini ananitazama kilemba ananiambia, "Karibu mama, umetoka pande zipi?" Mzaliwa wa Tanga. Kiswahili chake ni kile cha pwani hasa, kimenyooka kuliko changu. Leicester wamejaa watu wa namna hii, waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania, ila mimi sikutegemea kumkuta kwenye forodha.

Nikamwamkia, nikamwonyesha gauni. Akaligeuzageuza, akauliza, "Hii nguo imezaliwa wapi?"

"Hapahapa Leicester mzee, fundi wangu yuko mtaa wa pili."

"Sijauliza imeshonwa wapi mama, nimeuliza imezaliwa wapi. Kitambaa kimefumwa wapi?"

"Vitenge natoa Dar."

"Basi huyu ni mtoto wa Dar. Leicester amekuja kukatwa nywele tu."

Na hapo ndo nikaelewa kitu ambacho nilikuwa nimekikosa mwaka mzima. Ule ushuru sifuri wa kwenye taarifa ya habari ni kwa bidhaa yenye uasili wa Uingereza au wa Umoja wa Ulaya, siyo kwa bidhaa yoyote inayotokea Uingereza. Na kwa nguo kanuni ni kali, kukata na kushona peke yake hakutoshi, kitambaa nacho kinatakiwa kiwe kimefumwa upande mmojawapo wa mkataba. Kwa hiyo gauni langu lenye lebo ya Leicester, limeshonwa na fundi anayelipa kodi Leicester, kwa forodha ya Ujerumani ni mgeni na analipa asilimia 12 kama mgeni yeyote.

Nikamuuliza mbona zamani hawakuuliza? Akachukua karatasi akachora nyumba. Akasema umoja wa forodha ni nyumba moja yenye geti moja, mzigo ukishapita getini umekuwa wa mwenye nyumba, uende chumbani uende jikoni hakuna anayekusimamisha. Mkataba wa biashara huria ni majirani wawili wanaopendana, kila mmoja ana geti lake na bei zake za getini, kwa hiyo hata wakisema vitu vyako na vyangu vipite bure lazima kila mmoja akague, asije jirani akapitisha vitu vya watu wengine. Ndo maana hata ushuru ukiwa sifuri karatasi haiwi sifuri. Nimesoma maelezo mengi ya serikali kuhusu hii habari, hakuna lililoingia kichwani kama ile nyumba aliyochora kwa kalamu ya wino.

Huduma yenyewe inavyokwenda. Unamtumia invoisi na orodha ya mzigo, uzito wa kila kitu, anakutafutia msimbo wa bidhaa, ile namba ndefu inayoitambulisha bidhaa forodhani, anakuandikia kauli ya uasili, yaani maandishi ya kusema bidhaa imezaliwa wapi, kama inastahili, na anaingiza tamko kwenye mfumo wa forodha wa Uingereza, halafu ana mwenzake Rotterdam anayepokea upande wa pili. Namba ya EORI, ile inayomtambulisha mfanyabiashara kwa forodha, lazima uwe nayo wewe mwenyewe, na anayepokea huko awe na ya kwake ya Ulaya. Bei yake kwangu ni pauni 45 kwa kila tamko la kutoa, upande wa Uholanzi unalipiwa kivyake, ukikosea kitu ukataka kurekebisha ni pauni 20 nyingine. Alinisaidia pia kudai ile VAT ya magauni ya Köln, kumbe kuna nafuu ya bidhaa zinazorudi ndani ya miaka mitatu, mradi uwe na ushahidi kwamba ni zilezile zilizotoka, na mimi nilikuwa nimetunza risiti zote. Ilichukua miezi minne lakini hela ilirudi.

Sasa hizo pauni 45 hapo ndo pa kutazama vizuri, maana ndipo mkataba unapomkata mdogo na kumwacha mkubwa. Tamko ni moja, liwe la gauni moja au la kontena zima. Ukituma magauni 60 ni peni 75 kila gauni, haisikiki. Ukituma gauni moja la pauni 70 umeshapoteza zaidi ya nusu kabla hata hujaongelea nauli. Mwenye kiwanda ana idara nzima ya haya mambo, mimi nina meza ya jikoni. Nilimwambia mzee mimi siwezi, akaniambia wala usiweze, badilisha namna ya kuuza.

Kwa hiyo tukabadilisha. Utrecht kuna dada Mkenya alikuwa mteja wangu wa siku nyingi, akasajili biashara yake, akapata EORI na namba ya VAT ya kule, sasa namuuzia kwa jumla mara moja kwa mwezi na yeye ndo anaingiza mzigo kwa jina lake. Ukishapita hapo umeshakuwa mwenyeji, anaupeleka Köln, anaupeleka Dublin, bila fomu yoyote ya forodha. Faida inagawanyika ndio, zamani ilikuwa yote yangu, ila biashara ipo. Na vifurushi vya mtu mmojammoja nimeacha kabisa. Kuna utaratibu wa Ulaya ulioanza Julai 1, 2021 wa kukusanya VAT mapema kwa vifurushi visivyozidi yuro 150, ila mzee aliniambia kwa ukubwa wangu kumlipa mwakilishi wa kule kila mwezi kutakula faida yote, na nilipopiga hesabu alikuwa sahihi.

Halafu kikaja kitu ambacho ndo kimenifanya nimwamini huyu mtu moja kwa moja. Mwaka 2023 mwanzoni nilimpelekea mzigo wa tatu au wa nne wa Utrecht, akaangalia makaratasi muda mrefu, akaniambia, "Mama, mimi nakula pauni 45 zako kila mwezi na sisemi kitu, ila hii nguo inafanya nini Uingereza?" Nikasema sijaelewa. Akanieleza kuwa Tanzania iko kwenye kundi la nchi zenye maendeleo madogo zaidi, na Umoja wa Ulaya unaziruhusu nchi hizo kuingiza karibu kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru, na kwa nchi hizo kanuni ya nguo ni nyepesi, kushona tu kunatosha, kitambaa kiwe kimefumwa popote. Yaani gauni lilelile, kitambaa kilekile, likishonwa Dar likaenda moja kwa moja Rotterdam linaingia kwa ushuru sifuri, na mzigo usipozidi yuro 6,000 mtumaji yeyote anaandika kauli ya uasili kwenye invoisi yake bila kusajiliwa popote. Likipitia Leicester linalipa asilimia 12. Fikirini wakala anayekwambia hivyo huku anajua anajikatia riziki yake mwenyewe. Nimefanya biashara na watu wengi, sijawahi kuona.

Nilifanya kama alivyosema na kwa biashara ilikuwa sawa kabisa. Ila sitaandika hapa kana kwamba hakuna aliyeumia. Fundi wangu wa Leicester alikuwa anashona magauni ya Ulaya siku mbili kila wiki, na hizo siku mbili zimehamia Dar. Nilimwambia ana kwa ana, nilienda na chapati na maneno hayakutoka vizuri. Alisema "sawa dada naelewa", na najua anaelewa, ila ana watoto watatu. Mimi sikutaka kumnyang'anya mtu kazi na hakuna mtu serikalini aliyeamka asubuhi akasema tumnyang'anye huyu fundi siku mbili. Kanuni ya uasili ndo ilifanya. OBR, ile ofisi huru inayokadiria uchumi kwa ajili ya bajeti ya Uingereza, wanakadiria kuwa baadaye biashara ya nje ya nchi itakuwa pungufu kwa asilimia 15 kuliko kama wangebaki, na tija ya uzalishaji pungufu kwa asilimia 4. Mimi nikiisoma hiyo 15 naona mashine ya cherehani imefunikwa kitambaa Jumatano na Alhamisi.

Kazi ndogo za pembeni ambazo mzee hunikumbusha bila kuniandikia bili: paleti za mbao lazima ziwe zimetibiwa kwa joto na zina mhuri wake, maana siku hizi mbao kati ya Uingereza na Ulaya zinakaguliwa kama zinatoka mbali, mwenzangu mmoja alirudishiwa mzigo mzima kwa ajili ya paleti tu. Na kuanzia Desemba 13, 2024 Ulaya wana kanuni mpya ya usalama wa bidhaa, lazima kuwe na mhusika aliyeko ndani ya Umoja na anwani yake iwepo kwenye bidhaa au kwenye kifungashio, kwetu sisi ni yule dada wa Utrecht. Kanuni hiyo inagusa hadi Ireland ya Kaskazini. Hapo nina mteja Belfast, yuko ndani ya Uingereza hiihii, analipa kwa pauni, ila kwa upande wa bidhaa wamebaki kwenye soko la Ulaya ili usiwekwe mpaka kati yao na Ireland, kwa hiyo kuna taratibu zake, kuna namba ya EORI inayoanza na XI, wakabadilisha tena na mkataba wa Windsor wa Februari 2023. Mzee alinieleza mara tatu. Mteja mmoja, naye anataka magauni mawili kwa mwaka, nilimwomba anisamehe anunue kwa dada wa Utrecht. Nimeuza ndani ya nchi yangu kupitia Uholanzi.

Siku moja mvua kubwa, nasubiri tamko lipite, nikamuuliza mzee hii kazi aliipendea nini. Akaniambia baba yake alikuwa na malori mawili Tanga, wanapeleka machungwa ya Muheza Mombasa na kurudi na bidhaa za dukani, mpakani Horohoro wanapita kama wanaenda sokoni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya Februari mwaka huo, na siku hiyo lori moja lilikuwa Mombasa. Halikurudi. Yeye alikuwa kijana wa miaka 17. Baba aliuza lori lililobaki Tanga ili alipe deni la lile lililobaki Mombasa, miaka miwili baadaye familia ikaja huku. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, na makubaliano ya kugawana mali za Jumuiya, ndege, reli, bandari, yalisainiwa Mei 1984, miaka saba hivi baadaye, baba yake alikuwa ameshafariki. Akasema 2016 asubuhi ya matokeo alikaa kwenye gari nusu saa hajaliwasha.

Hiyo hadithi nimeiweka kwa sababu kuna watu wanadhani haya mambo ni ya Wazungu. Hata Tanzania ilitoka COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, 2000, ila haikuumia hivi kwa kuwa ilibaki SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, na ilikuwa inaingia Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, na tangu 2005 kuna umoja wa forodha na Kenya na Uganda, kwa hiyo mlango mmoja ulifungwa mingine ikiwa wazi. Mali, Niger na Burkina Faso nao walitoka ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, rasmi Januari 29, 2025, lakini wote watatu bado wako UEMOA, umoja wa nchi za huko zenye sarafu moja na forodha moja, bado wanatumia faranga ya CFA pamoja na Senegal na Ivory Coast, kwa hiyo mama wa Bamako anayenunua mzigo Dakar ana geti moja ambalo bado liko wazi. Ndo maana mtu akiniambia nchi fulani imetoka jumuiya fulani sasa hivi swali langu la kwanza ni imebaki na nani. Uingereza ilitoka umoja wa forodha na soko la pamoja kwa mkupuo, ikabaki na geti lake peke yake. Wamejiunga na mkataba wa biashara wa CPTPP Desemba 2024, sawa, ila hizo ni nchi za Pasifiki na yule dada yuko Utrecht, hapo karibu tu kwa lori.

Na siyo mizigo tu. Binti wa kaka yangu alikuwa anasoma chuo hapa, alitaka kwenda Lyon muhula mmoja kwa Erasmus, ule mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, kama waliomtangulia, akakuta Uingereza imeshajitoa humo nako, kuna mpango wao mwingine wa Turing ulioanza 2021 na chuo chake hakikuwa na nafasi ya Lyon. Watafiti nao walikaa nje ya mfuko wa utafiti wa Ulaya, Horizon, miaka mitatu, tangu 2021, huku mazungumzo yamekwama kwenye habari ya Ireland ya Kaskazini, wakarudi Januari 1, 2024. Erasmus nayo wamekubaliana kurudi kuanzia 2027. Binti ameshamaliza chuo. Vitu vinarudishwa kimoja kimoja, na kila kimoja kinajadiliwa upya na kulipiwa upya, lakini umri wa mtu haurudi nyuma kumsubiri.

Tuje kwenye mapungufu maana siandiki tangazo. Simu hapokei. Ukipiga saa nne asubuhi atakupigia saa kumi jioni, na kama mzigo umekwama hayo masaa sita ni marefu sana. Hana mfumo wa kufuatilia mzigo, anakutumia picha ya skrini kwa WhatsApp. Ijumaa mchana ofisi inafungwa, ukichelewa kuleta makaratasi Alhamisi ujue mzigo wako ni wa Jumatatu. Mwaka jana kijana wake aliandika uzito wa jumla mahali pa uzito halisi bila vifungashio, mzigo ukazuiliwa siku mbili Rotterdam na nikalipia uhifadhi wa stoo pauni 38, mzee alinirudishia lakini ilibidi nimkumbushe mara mbili. Na yuko makini sana kwenye nguo na vitu vikavu, ila chakula hachukui kabisa, kuna dada anauza achari na viungo alimkatalia, alimwambia vyeti vya afya vya vyakula vina mambo yake, atafute anayevijua. Mimi hilo naliona ni zuri, wengine wangechukua hela kwanza halafu wajifunze kwa mzigo wako.

Nani anahitaji huduma ya namna hii? Kama unatuma zawadi kwa shangazi Berlin huhitaji, ile fomu ya posta inatosha, ila andika ukweli, usiandike "nguo" kama mimi, andika gauni la pamba la kike, limeshonwa wapi, bei gani. Kama unauza kifurushi kimojakimoja cha bei ndogo, wakala hatakuokoa, hesabu haikubali, tafuta mtu wa upande wa pili umuuzie kwa jumla. Ila kama una mzigo wa kuanzia pauni elfu moja hivi na unaenda mara kwa mara, mtafute, na siku ya kwanza msikilize anakuuliza nini. Akianza na uzito na tarehe, huyo ni msafirishaji. Akianza kukuuliza kitu kimetoka wapi na kimetengenezwa na nini, kaa kitako mwongee. Na EORI usimlipe mtu akuombee, ni bure, unaomba mwenyewe.

Nampa nne na nusu kwa tano, nusu nimeikata kwa ajili ya simu.

Kinachonipa wasiwasi ni kuwa mzee anasema mwakani anapumzika na ofisi inabaki kwa yule kijana wake. Kijana ni mpole na mfumo wa kompyuta anaujua kuliko baba yake, ila nilipompelekea vikapu vipya mwezi uliopita alinipa bei ya tamko palepale bila kuuliza ukindu umetoka wapi. Mzee alikuwa nyuma anakunywa chai, akaweka kikombe chini akamwambia kwa Kiswahili, ambacho kijana anakisikia nusunusu, "Muulize mama hivi vimezaliwa wapi." Kijana akageuka, akaniuliza. Nikamjibu Iringa, akaandika.